Nyumba Iliyopewa Jina la Mke

Nyumba njema si mlango, walinena wazee wetu, fungua uingie ndani. Methali hii hutujia kila tuonapo ramani iliyoanza na sebule ya kupokelea wageni, na jiko likatiwa katika pembe iliyosalia. Juma hili tumependa kumtazama msanifu majengo aliyejichorea makao yake mwenyewe, kwani mtu wa namna hiyo hana mteja wa kumtupia lawama.

Balkrishna Doshi alizaliwa Pune, India, mwaka 1927, katika ukoo wa watengenezaji wa samani. Alilelewa katika nyumba ya jamaa wengi, iliyoongezwa kila watu walipozidi. Tangu 1951 alifanya kazi Paris chini ya Le Corbusier, kisha akarejea kusimamia majengo ya mwalimu wake huyo mjini Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, ambalo vyombo vyake vya tanga vimefika pwani yetu kwa karne nyingi. Kiangazi cha huko joto hupita nyuzi 40.

Mjini humo, mwaka 1963, aliijengea familia yake nyumba. Hakuiita kwa jina lake. Aliiita Kamala, jina la mkewe. Somo la nyumba inayokua pamoja na watu wake hakulisahau. Katika mtaa wa Aranya, mjini Indore, aliwapangia watu wa kipato kidogo makazi yanayoanzia chumba kimoja na kuongezwa kadiri ya uwezo. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 1995, na mwaka 2018 Doshi akawa Mhindi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker.

Je, haya ni mageni kwetu? Hasha. Katika Lamu ya kale baba alimjengea binti yake nyumba ya kuolewa, mara nyingi juu ya ile ya wazazi au kando yake, na wikio likavuka juu ya njia ili wanawake wapitiane kwa stara. Mgeni aliishia dakani. Aliyeingia alipita kiwanda na misana kabla ya kufika ndani, na kila hatua ilizidisha sitara. Kuta nene za mawe na chokaa ziliuzuia mchana wenye joto. Leo tunajenga kwa ukuta mwembamba na mabati, dirisha likaelekea jua la alasiri, na mama akashinda humo tangu alfajiri hadi isha.

Kwa hiyo, kabla ramani haijapelekwa kaunti, tunawanasihi wenye nyumba waketi pamoja, mama na mabinti wakiwemo, wajiulize: kusi na kaskazi zitaingia wapi? Wageni wa kiume wakiwapo, wanawake watapita wapi kwenda jikoni na chooni? Mzazi asiyeweza ngazi atalala wapi? Msingi utabeba ghorofa mwana atakapooa?

Mstari wa karatasi hufutwa bila gharama. Ukuta huvunjwa kwa akiba ya miaka. Mwenye kuishi ndani ya nyumba saa nyingi kuliko wote ndiye anayestahili kuulizwa kwanza, hata kama jina lililo kwenye hati si lake.