Pesa kwa Msimbo wa Mara Moja

Tangu huduma ya pesa kwa simu ya M-PESA ianze Machi 2007, mkulima wa Kithimani anayemwagilia mishiri na nyanya kwa maji ya mfereji wa Yatta anaweza kulipwa akiwa shambani. Vibarua, hata hivyo, wengi wao wanataka noti mkononi. Wakala wa sokoni akiishiwa na keshi, ipo mashine ya benki, na si lazima mtu awe na kadi. Kwenye simu unachagua kutoa pesa kwa ATM, unaweka PIN, na ujumbe unaingia ukiwa na msimbo wa tarakimu sita. Ukifika kwenye mashine unabonyeza nambari ya simu, msimbo na kiasi, noti zinatoka.

Je, tarakimu hizo chache zinalindaje jasho la msimu mzima?

Wazo la kutoa pesa kwa kitu kinachotumika mara moja tu ni la zamani. Mashine ya kutoa pesa ya mvumbuzi John Shepherd-Barron, iliyozinduliwa na benki ya Barclays huko Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, haikutumia kadi ya plastiki. Mteja aliingiza hundi ya karatasi iliyotiwa kaboni-14, ambayo hutoa mnururisho hafifu. Mashine iliitambua, ikatoa pauni 10 na kubaki na hundi. Kadi ya ukanda wa sumaku ilipokuja, ikaleta urahisi pamoja na udhaifu: maandishi yake hayabadiliki, kwa hiyo mwizi akiyanakili mara moja amepata kadi ya pili.

Simu imerudisha ile hundi ya mara moja. Kompyuta huchagua nambari isiyotabirika, huifunga kwa akaunti moja na muda mfupi, kisha huifuta ikishatumika. Tarakimu sita zina michanganyiko milioni 1. Anayebahatisha mara tatu ana nafasi 3 tu katika milioni hiyo. Anayekuchungulia begani noti zikishatoka haoni msimbo wa kuiba.

Hatari iko kabla ya hapo. Mashine haijui sura ya mtu, inajua nambari tu, na matapeli wanalielewa hilo vizuri. Ndiyo maana hupiga simu wakijifanya wahudumu wa kampuni ya simu, wakiomba usome “ile namba iliyoingia sasa hivi”. Wengine husajili upya laini yako kwa siri ili ujumbe uwafikie wao. Simu yako ikikosa mtandao ghafla huku ya jirani inashika, azima yake papo hapo uombe laini ifungwe.