Je, Wajua? Msafiri Asiyesema na Mchekeshaji Aliyekuwa Waziri Mkuu

Katika filamu ya It Must Be Heaven ya mwaka 2019, mhusika mkuu hutamka maneno machache kuliko abiria wa daladala anayeomba kushushwa. Ni Mpalestina wa Nazareti anayesafiri hadi Paris, kisha New York, kofia kichwani, akikodolea macho kila kituko bila kujibu kitu. Anayeigiza ni mwongozaji mwenyewe, Elia Suleiman, naye anajiigiza. Ndani ya teksi ya New York dereva anamuuliza anatoka nchi gani. Nazareti, anajibu, kisha anaongeza kuwa yeye ni Mpalestina. Dereva anapagawa kwa furaha, kwani hajawahi kumwona Mpalestina, na nauli anamsamehe. Basi, hatumsikii tena.

Kichekesho ninachokipenda zaidi kiko Paris. Msafiri wetu anatafuta fedha za kutengenezea filamu, na mtayarishaji mmoja anamkatalia kwa upole: filamu yenyewe haina Upalestina wa kutosha. Mwandishi yeyote wa Kiafrika aliyewahi kuambiwa kwamba hadithi yake haina Uafrika wa kutosha atacheka kwa uchungu. Majaji wa tamasha la Cannes waliipa filamu hiyo tuzo ya kutajwa kwa heshima.

Sasa ipeleke kwenye banda la video Bariadi, mkoani Simiyu. Huko watazamaji wamezoea filamu za ng'ambo zenye sauti ya DJ juu yake, anayetafsiri, anayetania, anayewabatiza wahusika majina ya mtaani. Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina nchini kwa kazi hiyo enzi za kanda za VHS. Ufundi wenyewe una mizizi mirefu: kati ya 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, milima ya Usambara, na maelezo yakasikika kutoka kwenye santuri. Je, DJ afanye nini na mtu asiyefungua kinywa? Naamini angefurahi, maana nafasi yote ingekuwa yake.

Na watazamaji wa Simiyu si wageni wa vichekesho vya mwili. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, Usukumani, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana wachezaji huja na vituko, wengine na nyoka hai. Mtu akichosha, watu wanahamia upande wa pili. Hakuna jaji wa kumwokoa.

Je, wajua kwamba Mtanzania naye ana filamu yake ya mtu aliyekwama ughaibuni? Bongoland, ya mwaka 2003, iliongozwa na Josiah Kibira, mzaliwa wa Bukoba anayeishi Minnesota, Marekani. Juma, mhusika wake, anahangaika huko bila karatasi. Mwaka 2008 ikafuata Bongoland II, na safari hii Juma amerudi nyumbani, ambako mambo nayo hayamnyookei.

Lakini msafiri wetu wa kuchekesha wa kwanza hakuhitaji hata pasipoti. Katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya mwaka 1952, mshamba anaingia Dar es Salaam na kuangukia mikononi mwa matapeli. Aliyecheza mshamba huyo alikuwa kijana mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, kiti alimwachia Kawawa. Watu wakimtaja mwigizaji aliyegeuka mtawala, wa kwanza kuwajia akilini ni Ronald Reagan. Huyo alipata ugavana wa California mwaka 1967, miaka mitano nyuma ya mshamba wetu.