Jirani hulipa mara tisa: Bahati nasibu ya swala Marekani

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Malaba au Mutukula anajua uzito wa neno moja: mgeni. Likishaandikwa kwenye fomu yako, ada inabadilika. Marekani haina geti la mpakani kati ya jimbo na jimbo, lakini neno hilo lipo huko pia, na mahali linapoonekana waziwazi ni kwenye maombi ya leseni ya kuwinda swala.

Tuchukue jimbo la Wyoming, lenye swala wengi kuliko jimbo jingine lolote. Wenyewe humwita swala, ila mnyama huyo, pronghoni, si swala kamili. Wataalamu wanasema ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Mbio zake hufikia karibu kilomita 90 kwa saa, na dume mwenye pembe kubwa ndiye anayewatoa watu majimbo ya mbali kumfuata.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alikaribia kwisha kwa risasi na nyaya za mashamba. Alirudi baada ya uwindaji kuwekewa hesabu kali. Kila eneo hupewa idadi ya leseni kwa mwaka, na zikiisha zimeisha. Baridi kali ya 2022 kuingia 2023 ilipoua makundi kwa makundi, jimbo lilipunguza leseni kwa maelfu, na waliokuwa wakisubiri wakasubiri zaidi.

Kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko leseni, droo huamua. Mgeni, maana yake hata Mmarekani wa jimbo jirani la Colorado, hutuma maombi na fedha zake kabla ya mwezi Juni kushika kasi. Anataja eneo analolitaka kwanza, la pili na la tatu. Akikosa, hurudishiwa fedha, isipokuwa ada ndogo ya maombi.

Tazama bei. Kwa viwango vya mwaka 2024, mkazi wa Wyoming alilipa dola 37 kwa leseni ya swala. Mgeni alilipa dola 326, karibu mara tisa. Kuna na kapu la pili la wageni, lenye ada maalumu ya dola 1,200. Mnyama ni yuleyule na eneo ni lilelile, ila wanaoomba kwenye kapu hilo kwa kawaida ni wachache, hivyo nafasi ya kupata huwa nzuri zaidi. Ukiniuliza mimi, hiyo ni foleni ya wenye haraka na fedha, japo angalau bei yake imebandikwa ukutani kila mtu aione.

Halafu kuna pointi. Mgeni aliyekosa anaweza kununua pointi moja kwa mwaka kwa dola 31. Robo tatu ya leseni za wageni huenda kwa wenye pointi nyingi, robo moja huachiwa bahati tupu. Ukipata chaguo lako la kwanza, pointi zote zinafutika, unaanza sifuri. Ukikaa miaka miwili mfululizo bila kuomba wala kununua, zinafutika vilevile. Huwezi kuziuza. Marafiki wakiomba kwa pamoja, pointi zao hujumlishwa na kugawanywa sawa, kwa hiyo mwenye kumi akimchukua rafiki asiye na kitu, wote wawili wanasimama na tano.

Ubaya wa foleni hii ni kwamba mkia wake hurefuka kuliko kichwa kinavyosogea. Katika maeneo yenye madume wakubwa, pointi zinazotakiwa hupanda kadiri miaka inavyokwenda. Kijana anayeanza leo anaweza kuwa analipia nafasi ambayo haitamfikia. Wanaotaka nyama tu hawana shida hiyo, kwani leseni za majike ni rahisi na bei yake ni ndogo.

Je, ni halali kumtoza jirani hivi ndani ya nchi moja? Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kusikiliza kwa makini.

Mwaka 1948 wavuvi wa kamba kutoka Georgia walilalamikia South Carolina, iliyotoza boti ya mkazi dola 25 na ya mgeni dola 2,500. Mahakama iliifuta ada hiyo, kwa kuwa ilimzuia mtu kutafuta riziki yake jimbo jirani. Mwaka 1978 wawindaji walilalamikia ada za Montana kwa wageni, wakashindwa. Kuwinda kwa starehe, mahakama ilisema, si riziki.

Mpaka huo kati ya riziki na starehe si mnyoofu. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa iliona kikomo cha Arizona cha asilimia 10 kwa wawindaji wageni kinagusa biashara kati ya majimbo, maana pembe na ngozi huuzwa. Mwaka 2005 Bunge la Marekani likatunga sheria kuyapa majimbo ruhusa ya kuwabagua wageni katika uwindaji na uvuvi.

Kwetu sura ni tofauti. Mkenya au Mganda anayeingia Serengeti hulipa kiingilio kwa shilingi kama raia wa Afrika Mashariki, huku mtalii wa mbali akilipa kwa dola. Kwenye uwindaji wenyewe, hata hivyo, tumeachana kabisa. Tanzania hutoa leseni, Kenya ilipiga marufuku mwaka 1977. Pembe yenye hati zote Arusha, ukiivusha Namanga bila kibali cha upande wa pili, ni kesi.