Kuwasha Injini ya Dizeli: Nyaya Chache, Kazi Kamili

Kwa miaka mingi, katika vijiji vya uwanda wa kati visivyokuwa na umeme, mashine ya kusaga nafaka iliwashwa kwa hendeli. Mwendeshaji alifungua vali ili hewa isimpinge, akazungusha gurudumu zito mpaka likashika kasi, kisha akaiachia vali ijifunge, injini ikanguruma. Hapakuwa na betri wala waya. Je, moto ulitoka wapi?

Jibu lake tunalipata kwa Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mwaka 1897. Pistoni huishindilia hewa mpaka ujazo wake hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita au hata ya ishirini. Hewa hiyo hupata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo, katika injini ya dizeli ya kawaida, umeme hauwashi mafuta. Kazi yake ni kuizungusha injini mpaka ijitegemee.

Sasa tumfikirie mvuvi mwenye boti ya dizeli katika bwawa kama la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Injini imefungwa chini ya sakafu, wala hapana nafasi ya kuzungusha hendeli. Injini ikizimika, upepo ukaanza kumsukuma kwenye miamba, na stata ikakataa kuzunguka, maisha yake yamo hatarini. Mara nyingi kosa haliko katika stata, bali katika nyaya.

Stata huhudumiwa na njia mbili za umeme. Ya kwanza hupitisha mkondo mkubwa kutoka betri hadi stata. Tuseme mkondo huo ni ampea 200, na kiungo kimoja chenye kutu kina ukinzani wa omu 0.01. Volti zinazopotea hapo ni 200 × 0.01, yaani 2. Kati ya volti 12 stata hubakiwa na 10, na kiungo hutoa joto la wati 400, kama pasi ndogo ya umeme! Ndiyo maana waya huu yapasa uwe mnene, mfupi, na wenye viungo vichache visafi.

Njia ya pili hutoka betri, hupita fyuzi na kitufe kilicho mbele ya nahodha, kisha hurudi nyuma kuivuta swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Sumaku hiyo yaweza kudai ampea 30 inapoanza kuvuta. Ikiwa waya mrefu na soketi zake una ukinzani wa omu 0.1, volti 3 hupotea njiani, na stata hutoa mlio mdogo tu.

Dawa yake ni relei ndogo ya gari, ifungwayo karibu na injini. Kitufe sasa huamuru relei peke yake, ambayo huhitaji mkondo wa ampea 0.2 hivi, katika waya ule ule hupotea volti 0.02 tu. Tumeongeza kifaa kimoja, lakini tumeurahisisha mfumo: mkondo mkubwa umepewa njia fupi, na njia ndefu imeachiwa mkondo mdogo.

Hata hivyo, si kila kitu chafaa kuondolewa. Fyuzi ibaki, na swichi kuu ya betri ibaki. Lakini swichi hiyo isizimwe injini ikiwa inazunguka, kwani alternata yaweza kuungua. Swichi izuiayo stata wakati gia imeingizwa nayo ibaki, ili boti isiruke ghafla. Kwa kuzimia injini, waya wa kuvutwa kwa mkono ufungao mafuta ni wa kuaminika: umeme ukikatika, injini haizimiki.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa betri mbili za tochi, balbu yake na voltimita. Wanafunzi wapime volti za balbu kwa waya mnene wa nusu mita, kisha kwa waya mwembamba wa mita 20. Halafu waeleze, kwa kanuni ya Ohm, kwa nini balbu imefifia, na ni wapi wangeifunga relei.