Deni la Mmoja, Nyumba ya Wawili: Dhima ya Wanandoa Ushuru Unapodaiwa

Makala haya yanafafanua swali ambalo huulizwa majumbani na kujibiwa kwa uvumi: je, mke huwajibika kwa ushuru anaodaiwa mumewe, au mume kwa ule wa mkewe? Kwa kuwa neno "kodi" nchini Kenya hubeba pia maana ya malipo ya mpangaji, humu "ushuru" ni malipo ya serikali na "kodi" ni ya nyumba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mume anauza vipuri mjini Voi; mkewe ni mwalimu. Wana nyumba za kupangisha mtaani Sofia, zilizosajiliwa kwa majina yao wote wawili. Biashara ya mume inadaiwa ushuru. Nani atalipa?

Zamani jibu lilielemea upande mmoja. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato ya mwaka 1973 kiliyahesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ya mume. Jina la mke lilimezwa, ingawa marekebisho ya baadaye yalimruhusu kuwasilisha taarifa yake mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 45(3), ikatamka kwamba wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na inapovunjika.

Leo, basi, deni humfuata mlipaushuru anayedaiwa. Ndoa peke yake haimfanyi mwalimu wetu kuwa mdaiwa. Hata hivyo, mali ya pamoja ni mlango ulio wazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015, Kamishna anaweza kukamata mali ya mdaiwa inayohamishika, kumwarifu Msajili ili ardhi yake iwe dhamana, au kuagiza mwenye fedha zake, kama vile benki au mpangaji, azilipe kwa serikali. Akaunti ya pamoja hufikiwa endapo mdaiwa anaweza kutoa fedha bila idhini ya mwenzake, au endapo wenye akaunti wote wanadaiwa. Sahihi mbili, kwa hiyo, si urasimu mtupu.

Aidha, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 huichukulia mali yenye majina mawili kuwa ya hisa sawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo huwataka wanandoa wagawane sawa madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya ndoa. Kwa maoni yetu, kanuni hii inahusu mzigo baina yao. Haimgeuzi mke kuwa mlipaushuru badala ya mumewe. Ni busara, basi, mwalimu ahifadhi stakabadhi za alichonunua kwa mshahara wake.

Asiyekubaliana na makadirio ya ushuru ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Akikataliwa, ana siku 30 nyingine za kukata rufaa mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru. Siku hizo huanza kuhesabiwa hata kama barua imeandikwa kwa Kiingereza kisichoeleweka nyumbani. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Ibara ya 7, tuna kazi ya kufanya. Dawa ya deni ni kulipa, lakini sharti kwanza ijulikane deni ni la nani.