WITCH: DISKI YA KWANZA YA MAJIRANI WETU WA ZAMBIA



Juma lililopita, kule internati, ndugu mmoja alifungua nyimbo za orkestre ya Zambia katika telefone yake. Orkestre inaitwa Witch. Wale wanaojua Kiingereza kidogo wakapiga kelele: «Mulozi! Zima ile kitu!» Tuligombana mpaka kengele ya kulala. Basi tumeona vema kueleza jambo hili, ili mtu asihukumu kitu asichokijua.

Kwanza jina. Ni kweli, kwa Kiingereza neno hilo ni mulozi. Lakini wenyewe walilieleza kuwa ni herufi za mwanzo za maneno matano, maana yake: «Tunakusudia kuleta fujo.» Ni majivuno ya vijana, si uchawi. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, anaitwa Jagari, kwa kufuata jina la Mick Jagger wa Rolling Stones.

Hawa si watu wa mbali. Walitoka Copperbelt, inchi ya shaba, ng'ambo tu ya Kasumbalesa. Kitwe ni mji wa mgodi sawa vile Likasi ama Kolwezi. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na wakati ule shaba ilikuwa na bei nzuri. Vijana walisikiliza roki ya Uingereza na Marekani, wakaipiga kwa namna yao: gita za umeme, oruga, ngoma, na kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu ambacho kinafanya gita ilie kwa kukwaruza.

Diski yao ya kwanza, «Introduction», maana yake «Kujitambulisha», ilitoka kati ya 1972 na 1973. Inahesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya Zambia kuuzwa. Juu ya nini tunaisifu? Kwa sababu hawakungoja kampuni kubwa iwaite. Walijitolea wenyewe, na nakala zilikuwa chache. Mwaka 1974 wakafanya vilevile na diski ya pili.

Je, walitajirika? Hapana. Bei ya shaba ilianguka kati ya 1974 na 1975, maisha yakawa magumu. Jagari aliacha kikundi mwaka 1977. Alifundisha muziki, kisha akachimba mawe ya thamani. Pia akawa mkristo mwenye kuamini. Wenzake wa kikundi cha zamani wamekufa wote, yeye peke yake akabaki.

Lakini diski zilikuwa zingali. Kuanzia mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani ilizitoa tena. Mwaka 2019 filme ikatengenezwa juu ya habari yao. Jagari akarudi kuimba mpaka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 akatoa na wapigaji wengine albamu mpya, «Zango». Mtu anayesikia leo gita ya Chris Mbewe anasikia mkono wa mtu aliyekwisha kufa.

Sasa tuseme ya kwetu. Kikundi chetu cha gita kiko na nyimbo kumi na moja, hakuna hata moja iliyoandikwa ao kushikwa kwa mashini. Kila siku tunasemaka: «Tungoje mfadhili.» Kati ya wapigaji sita, wanne tuko mwaka wa mwisho. Baada ya egzamini huyu atakwenda Lubumbashi, yule Kalemie, mwingine kijijini, na nyimbo zitakwenda nasi. Telefone moja, chumba kimoja cha kimya, siku moja ya posho: hiyo inatosha kwa kuanza.

Tunawaomba walimu watupe chapeli Jumamosi moja kabla ya egzamini. Na jina la kikundi, tafadhali, tulichague pamoja, tusije tukaitwa walozi.

Kapita wa wanafunzi