Muhuri wa ndala: pamba daftari lako, tunza kumbukumbu zako



Ukisikia neno muhuri, huenda kinachokujia kwanza ni ofisi: foleni, meza, karatasi, na mtu anayeamua kuupiga au kutoupiga. Safari hii tunazungumzia muhuri wa aina nyingine. Ni ule unaouchonga mwenyewe kutoka kwenye ndala iliyokatika, ukaupiga kwenye daftari lako, kwenye barua au kwenye bahasha. Ni pambo tu. Lakini kwa baadhi yetu unaweza kuwa zaidi ya pambo, na ndiyo sababu umepata nafasi katika kurasa hizi za afya.

Je, nani anaweza kutunza kitabu cha siku zake? Wengi watajibu: aliyesoma. Jibu hilo linawaacha nje akina mama na wazee wengi, ambao mara nyingi ndio wenye mengi ya kutunza. Mtu asiyejua kuandika hata jina lake anaweza kupiga alama moja kila siku, na baada ya mwezi akaisoma daftari yake mwenyewe bila msaada wa mtu.

Jambo hili si geni Afrika. Kule Ghana, karibu na mji wa Kumasi, kuna kijiji kiitwacho Ntonso ambako mafundi huchonga mihuri kwa vipande vya kibuyu kikavu. Huichovya katika rangi nyeusi iliyochemshwa kutokana na magome ya mti, kisha huipiga kwenye kitambaa. Alama hizo huitwa adinkra, na kila moja ina maana yake. Mojawapo ya zilizo maarufu ni Sankofa, ndege anayegeuza kichwa kutazama nyuma, maana yake rudi ukachukue ulichokiacha. Tangu zamani nguo hizo zilivaliwa hasa msibani. Huku kwetu pwani nako, kanga za mwanzo za mwishoni mwa karne ya 19 zilipambwa kwa mihuri ya mbao iliyopigwa kwa mkono.

Namna ya kuchonga

Chukua ndala iliyochakaa, ioshe kwa sabuni, uiache ikauke. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti. Chora juu yake kitu chepesi kwa kalamu: jani, samaki, jua, nyumba, mtumbwi. Michoro yenye mistari membamba mingi itakusumbua bure. Kwa wembe, ondoa sehemu zisizo na mchoro, kina cha milimita 3 hivi, ili mchoro ubaki umeinuka. Bandika kipande hicho juu ya kijiti au kizibo cha chupa upate pa kushikia.

Ukitaka herufi, kumbuka kwamba muhuri hugeuza kila kitu. Ukichonga MAMA kama unavyoiandika, utapata AMAM. Herufi kama A, H, I, M, O, T na U hazibadiliki zikigeuzwa, lakini lazima zipangwe kuanzia mwisho wa neno. Herufi nyingine, kama B, K, N na S, zichonge kinyume. Zijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ya taka.

Kiazi kitamu kilichokatwa katikati nacho hutoa muhuri mzuri, lakini hunyauka kwa siku moja au mbili, na chakula ni chakula. Ndala itakaa miezi. Ukiamua kutumia kiazi, tumia kile kipande cha mwisho ambacho kingetupwa, na kikishaguswa na rangi kisirudi chunguni. Usiwape watoto muhogo mbichi kwa kazi hii. Mihogo michungu ina sumu, na mtoto aliyeshika muhogo hawezi kukaa nao bila kuung'ata.

Rangi

Rangi nyeusi inapatikana chini ya sufuria. Kwangua masizi, yasage yawe laini kabisa, changanya na gundi nyepesi ya unga wa muhogo uliopikwa. Unga wa kijiko kimoja unatosha nyumba nzima. Kwa rangi ya njano tumia manjano ya kupikia. Loweka rangi kidogo kwenye kipande cha sponji ya godoro, kiweke ndani ya mfuniko wa kopo, nacho ndicho kitakuwa kidau chako. Tengeneza kidogo kidogo, kwa sababu gundi ya unga huchacha baada ya siku chache. Karatasi za daftari ni nyembamba, kwa hiyo gusa tu, usikandamize, la sivyo rangi itatokea upande wa pili na kuharibu ukurasa.

Tunasisitiza jambo moja. Wapo watu wanaoponda betri kuukuu za tochi ili kupata ule unga mweusi, kama wengine wanavyofanya kwa kupaka ubao wa shule. Usifanye hivyo. Unga huo una kemikali zinazodhuru ngozi na macho, na ni hatari zaidi ukiingia kinywani mwa mtoto.

Wembe pia una hatari zake. Kuchonga ni kazi ya mtu mzima. Watoto wachore na kupiga muhuri. Kila mmoja awe na wembe wake, wala msiazimane, maana damu isiyoonekana kwa macho inaweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Wembe uliokwisha kazi uweke kwenye kopo lenye mfuniko. Aliyejikata aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, akibane kwa kitambaa safi, na kama ni kirefu aende kituo cha afya na aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Daftari la dawa na la usingizi

Sasa tuje kwenye matumizi. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6, na ni rahisi kusahau siku hasa mgonjwa anapoanza kujisikia nafuu. Chora ukurasa wenye safu saba, moja kwa kila siku ya juma. Kila ukimeza dawa, piga muhuri wako. Chumba kikibaki kitupu, usikijaze baadaye kwa aibu. Kionyeshe kwa muuguzi, kwani kitamsaidia kukusaidia. Daftari hili halichukui nafasi ya kadi ya kliniki. Ni la kwako wewe.

Anayemeza dawa za kupunguza makali ya VVU anaweza kufanya vivyo hivyo, na hapa uzuri wa muhuri unaonekana zaidi. Tunaishi wengi chini ya paa moja na daftari hufunguliwa na kila mtu. Ukiandika jina la dawa, umetangaza. Ukipiga alama ya samaki, wengine wataona samaki, na wewe utajua kwamba leo umemeza.

Kwa usingizi, chonga mihuri miwili: mwezi kwa usiku uliolala vizuri, na mstari uliopindapinda kwa usiku wa ndoto mbaya au wa kukesha. Baada ya wiki mbili mpelekee mshauri nasaha. Mtu anayeulizwa "unalala vipi?" mara nyingi hujibu "hivyo hivyo tu". Ukurasa wenye mistari tisa iliyopinda hausemi hivyo hivyo tu.

Wanaojua kuandika wanaweza kwenda mbele zaidi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani na mwenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika yaliyotokea katika mambo machungu ya maisha yao, pamoja na walivyojisikia, walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Hilo tulichukulie kwa uzito, sisi ambao machungu yetu ni ya vita. Hakuna anayelazimika kuandika. Ukianza na ukaona moyo unazidi kulemewa, funga daftari, piga mihuri ya majani tu kama unataka, na uende kuzungumza na mshauri.

Kitabu cha kumbukumbu

Nchini Uganda katika miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na VVU, wakiwemo wa chama cha NACWOLA, walianza kuandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wakati ule dawa zilikuwa hazijawafikia watu wengi, na mama alitaka mtoto ajue ametoka wapi hata kama yeye hatakuwepo. Waliandika siku ya kuzaliwa, majina ya babu na bibi, chakula mtoto alichokipenda, hadithi za ukoo. Leo aliyeanza dawa mapema na kuzifuata anaweza kuishi miaka mingi, lakini sababu ya kuandika haijaisha. Mtoto aliyezaliwa kambini atamuuliza nani jina la kilima cha kwao?

Mpe kila mtu wa ukoo muhuri wake: bibi jembe, mjomba ng'ombe, kaka mkubwa mpira. Asiyejua kusoma atafungua na kujua ukurasa huu ni wa nani. Funika jalada kwa plastiki dhidi ya mvua, uliweke mbali na panya.

Barua na bahasha za kawaida zipambe upendavyo. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu uache bila pambo: ni karatasi ya wazi, ya habari za familia tu. Kadi ya mgawo, kadi ya kliniki ya mtoto na hati yoyote ya ukimbizi usiiguse kabisa. Na usichonge muhuri wa duara wenye maandishi kuzunguka ukingo, hata kwa mchezo. Huo unafanana na wa ofisi, na kughushi muhuri ni kosa la jinai.

Watoto nao wapewe nafasi. Mtoto akijaza ukurasa mzima kwa muhuri wa nyumba moja, au akaipiga na kuifuta kwa kalamu, usimshike akueleze. Kaa karibu naye. Akitaka kusema atasema. Na kama amekuwa hivyo siku nyingi, hachezi na hali vizuri, mlete kwa mhudumu wa afya wa eneo lako, mje na daftari lake.